Kifua cha Hattan

Al-Nuzha, Jeddah
4 Oktoba 2018

Mama mdogo Priscah,

Usishtuke kuona barua. Najua siku hizi hata babu kule Nyamira anatuma ujumbe wa sauti. Lakini simu yangu inakaa kwa droo ya Sitti, napewa Ijumaa tu, na nikiongea wananikalia hapo wakiniangalia mdomo. Sitti ni nyanya yake Hattan, mtoto wa hapa niliyeajiriwa kumlea. Mtoto anamwita hivyo na sisi wote tunamwita hivyo. Basi nimempata Wesley, yule Mkericho anayeendesha lori la biskuti kutoka huko Riyadh. Anashusha mzigo kwa bakala, duka la mtaani ninakonunua mikate, na anasema analala Shumaisi karibu na nyumba zenu za manesi. Ukijibu, mpe yeye.

Sikuandikii kulia. Chakula kipo, chumba ninacho, na madam Abir si mtu mbaya. Mwaka huu amepata kazi ofisini, anajiendesha mwenyewe kwenda na kurudi, miwani ya jua usoni, ungemwona ungependa. Baba mwenye nyumba yuko kazini Yanbu, anakuja wikendi. Kwa hivyo mchana kutwa ni mimi, Sitti na Hattan.

Shida ni Hattan. Ana miaka minne. Huyo mtoto ni mtundu, anaficha viatu vyangu ndani ya mashine ya kufua halafu ananiuliza mbona natembea miguu mitupu. Lakini kifua chake, Mama mdogo! Anakohoa hadi anatapika. Akipumua unasikia filimbi, na usiku anakaa wima kwa sababu kulala kunamshinda. Tangu nije hapa amelazwa mara mbili. Daktari alimpa pampu mbili za kupuliza mdomoni, moja ya bluu na moja ya rangi ya chungwa, lakini Sitti amezifungia kabatini. Anasema mtoto atazizoea na moyo utachoka. Akizidiwa sana ndipo anampulizia mara moja kama anaua mbu, dawa yote inaishia hewani.

Baba alipokuja Ijumaa aliniambia mimi ndiye ninayemwachia maji baridi na AC. Akasema akilazwa tena, yalla, narudi maktab, ile ofisi iliyonileta. Si maktab ninayoogopa. Naogopa siku nitamshika huyu mtoto apumue halafu asipumue tena. Wewe ni nesi wa watoto. Niambie nifanye nini, na usiniambie niombe tu, kwa maana hiyo nimeshafanya.

Mtoto wa dada yako,
Kemunto

*

Al-Shumaisi, Riyadh
9 Oktoba 2018

Wee Kemunto,

Barua imefika ikinukia biskuti. Wesley aliniletea getini, akaniangalia kama aliyetarajia chai. Nikampa.

Sasa sikiza, na usome hadi mwisho, si unavyosoma Biblia ukiruka majina. Kutokana na unavyoeleza, hiyo ni pumu. Mimi si daktari na sijamwona, lakini wodi yetu imejaa watoto wa aina hiyo na kila mmoja ana nyanya mwenye maneno kama ya Sitti. Hata mama yako angesema hivyo hivyo. Mtoto hazoei pampu. Anachozoea ni kupumua.

Ya bluu ni ya kufungua kifua kikibana. Ya chungwa ni ya kuzuia, na inatumiwa kila siku, hata siku ambayo mtoto anaruka juu ya makochi na hana kikohozi hata kidogo. Watu wanaiacha akipata nafuu, halafu wanashangaa akirudi hospitali. Baada ya hiyo ya chungwa asukutue mdomo na ateme.

Kumpulizia mdomoni moja kwa moja ni kupoteza dawa. Mtoto wa miaka minne hawezi kuvuta pumzi pampu ikilia. Kuna kichupa kirefu cha plastiki chenye maski kinachokaa katikati ya pampu na uso. Hospitali haikosi kuwapa. Kitafute. Kisipopatikana, fanya tulivyokuwa tukifanya Kisii vifaa vikiisha: chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kupangusa. Kata tundu kwenye tako lake, dogo la kutosha mdomo wa pampu, chomeka, ziba kwa tepu kusivuje. Puliza mara kadhaa kwanza ili dawa ishike plastiki ya ndani. Kisha mtoto ashike mdomo wa chupa kwa midomo yake, utikise pampu, upulize mara moja, umwache apumue ndani na nje polepole, mara tano au sita. Ndipo unapuliza tena, kwa kiasi alichoandika daktari wake.

Na haya uyajue kama jina lako. Mbavu zikivutwa ndani anapopumua, pua zikipanuka, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, akilegea: hospitali, saa hiyo hiyo, mkiendelea kumpulizia ile ya bluu njiani. Na filimbi ikinyamaza huku mtoto bado anahangaika, usimshukuru Mungu. Hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote, maana yake hewa haipiti tena.

Nijibu pia: kuna mtu anavuta sigara hapo? Mnapika kwa kuni au makaa? Kuna paka?

La mwisho. Kila kitu mwonyeshe madam KWANZA. Umenielewa? Mtoto si wako. Usimfanyie chochote kwa siri, hata kama ni kizuri.

Mama yako mdogo, ambaye anakujua,
Priscah

*

Al-Nuzha, Jeddah
16 Oktoba 2018

Mama mdogo,

Wueh! Chupa inafanya kazi!

Kile kichupa chenye maski Sitti alikitupa zamani, anasema kilikuwa kinamziba mtoto pumzi, alilia nacho mpaka akatapika. Basi nikatengeneza chupa yangu. Ya kwanza niliiharibu kwa kisu, ya pili ikatoka safi. Hattan anaipenda. Tumeifanya mchezo: anapumua ndani yake huku nikihesabu kwa Kiswahili, na sasa anahesabu mwenyewe kwa vidole, moja, mbili, tatu, mpaka sita, halafu anajipigia makofi. Pampu nazipata. Usiku anaanza kulala chali. Ungemwona asubuhi akiamka na nywele zimesimama, akidai jibini, ungelia.

Umeniuliza maswali. Sigara hakuna, baba havuti kabisa. Tunapika kwa gesi. Paka hakuna, Sitti hawapendi. Kwa hivyo sielewi kinachomwanzishia ni nini, kwa sababu jioni jioni bado kifua kinakaza, hata na dawa.

Habari za madam usijali, kila kitu kiko sawa.

Kitu kingine cha kukuchekesha: Sitti sasa ananipenda. Unajua huku wanafukiza udi, ule wanaouita bakhuri, kwenye kile chetezo cha makaa? Dada aliyekuwa hapa kabla yangu alikuwa anaunguza vipande hadi vinanuka nywele. Mimi nimejua siri: makaa yawe meupe juu, kipande kidogo, usikivuruge. Sitti akaniita mbele ya wageni akasema mkono wangu una baraka. Basi kila magharibi nazunguka nao nyumba nzima, sebuleni, kwa nguo za madam, na shuka za Hattan nazifukiza vizuri kabisa kabla hajalala, nafunga mlango harufu iingie. Analala ananukia kama bwana harusi. Sitti hakuniambia nifanye hiyo ya shuka. Niliongeza mwenyewe.

Aki nina furaha. Mpe Wesley chai tena, amesema yako ina tangawizi.

Wako,
Kemunto

*

Al-Shumaisi, Riyadh
20 Oktoba 2018

Kemunto!

Keti chini kabla hujaendelea. Umeketi?

UNAMFUKIZA MTOTO WA PUMU. Unamfungia mlango na moshi, juu ya shuka anayowekea pua yake usiku kucha. Jioni jioni kifua kinakaza, unaniuliza kwa nini! Ni wewe na makaa yako meupe na mkono wako wa baraka!

Sawa. Nimekunywa maji. Si kosa lako peke yako. Mimi niko nchi hii mwaka wa nne, kila nikienda soko la Dirah napita kwenye maduka ya udi nimefunika pua, na bado nilikuuliza habari za kuni na makaa kana kwamba uko jikoni kwa mama yako. Nilikuuliza maswali ya kliniki ya nyumbani, ukanijibu vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kitu kinachonukia vizuri hivyo ni moshi. Ni moshi. Kifua cha mtoto hakijui kwamba huo ulinunuliwa ghali.

Leo hii acha kufukiza shuka zake. Zifue, zikauke juani. Chumba chake kisiingie udi kabisa. Kama Sitti lazima afukize, ni sebuleni, mtoto akiwa nje, madirisha wazi, na hata hivyo afadhali asifukize.

Sasa hiyo sentensi yako: "kila kitu kiko sawa." Kemunto, mimi nimekulea mwaka mzima mama yako alipokuwa mgonjwa. Najua ukisema kila kitu kiko sawa kuna sufuria imeungua mahali. Nilikuambia umwonyeshe madam kwanza, hukusema kama ulimwonyesha. Unazipataje pampu kama zimefungiwa kabatini? Mtoto anapumua ndani ya chupa iliyokatwa, anahesabu kwa lugha ambayo hakuna mtu ndani ya nyumba hiyo anaielewa, mnafanya kwa kujificha, na wewe ni Mkristo mgeni. Umewahi kufikiri Sitti akifungua mlango ataona nini?

Mwambie madam leo. Si kesho. Hata akikasirika. Hasira ya kuambiwa inapita, ya kugundua haipiti.

Priscah

*

Al-Shumaisi, kwa mkono
27 Oktoba 2018

Sista Priscah, salamu.

Nimekukosa getini, umeingia zamu, namwachia askari hii karatasi. Si mzuri wa kuandika kwa hivyo nitasema moja kwa moja. Barua yako ilifika. Mwenye bakala alimpa Kemunto mwenyewe Jumatano asubuhi, akaisoma akiwa amesimama pale kwa friji ya maziwa, akatoka mbio akasahau hata mikate. Tangu siku hiyo hajaonekana. Mikate ananunua madam, na hasalimii mtu.

Jana niliposhusha mzigo nikauliza. Mwenye bakala akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtaani kunasemwa yule msichana wa Kenya amepatikana na vitu vya sihri kitandani mwa mtoto. Sihri ni uchawi, sista. Hapa hilo si neno la mzaha.

Nambari ya madam unayo? Kama kuna kitu naweza kufanya niko Riyadh hadi Jumatatu.

Wesley Kipngeno

*

Al-Shumaisi, Riyadh
28 Oktoba 2018

Kemunto mwanangu,

Sijui kama utapata hii. Wesley anaondoka kesho, nimemwambia asiiache bakala, akae nayo mfukoni hadi atakapokuona kwa macho.

Niliomba ruhusa nije. Matroni amekataa, wodi imefurika. Nikamwambia nitarudi kuomba tena kila asubuhi mpaka achoke na sura yangu.

Lakini leo mchana, mapumziko yalipofika, nilimpigia madam yako. Nambari yake ulinipa kwenye zile simu zako za Ijumaa, ya dharura. Mara ya kwanza akakata. Ya pili akakata. Ya tatu akashika, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha wodini, ambacho kinajua tu kuuliza mtoto amekula nini na amekojoa lini. Nikamwambia mimi ni nesi wa watoto, mimi ndiye niliyesema chupa ikatwe, hiyo si sihri, aipeleke kwa daktari yeyote amuulize. Nikamwambia habari ya moshi. Nikamwambia wewe ulikosea kuficha, na kosa hilo akuhesabie, lakini la uchawi asikuhesabie.

Nilisikia watu wa ofisi nyuma yake. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Bakhuri?" Nikasema ndiyo, bakhuri. Akakata.

Sijui amefanya nini baada ya hapo. Nimerudi wodini nikawahudumia watoto wa watu. Kama uko mzima niandikie hata mstari mmoja.

Priscah

*

Al-Nuzha, Jeddah
2 Novemba 2018

Mama mdogo,

Niko mzima. Hattan yuko mzima. Hayo mawili ndiyo makubwa, sasa vuta kiti.

Ulinijua. Sikumwambia madam. Funguo za kabati Sitti huziacha kwenye kanzu anaposwali, na mimi nilikuwa nazichukua. Nikiambiwa hapana mara moja ingekuwa halas, imekwisha, na mtoto alikuwa anapata nafuu. Niliona nitasema baadaye, akishapona kabisa, wanishukuru. Ujinga mtupu.

Siku ile niliposoma barua yako niliapa jioni itanikuta nimeshasema. Adhuhuri Sitti akageuza godoro la Hattan mwenyewe, akaipata chupa na tepu yake. Akamuuliza mtoto hii ni nini. Hattan kwa furaha yake yote akaiweka mdomoni, akainua vidole, akaanza: moja, mbili, tatu. Sitti alianguka chini, Mama mdogo. Nilitaka kumwinua, akanisukuma. Sikumwona na hasira usoni. Nilimwona na hofu, kama mtu aliyekuta nyoka kwa kitanda cha mjukuu wake.

Wakanifungia kwa chumba changu baba arudi kutoka Yanbu aamue. Ijumaa hiyo kazi ilimshika, hakuja. Madam alikuja mlangoni akauliza hii ni nini. Nikasema dawa, neno hilo hata wao wanalo. Akauliza dawa gani inafichwa chini ya godoro? Akageuka akaondoka.

Nilikaa humo ndani nikiletewa chakula. Jumapili baada ya alasiri madam akiwa kazini, nikasikia harufu ya udi. Si ule wa kawaida. Ulikuwa unaingia chini ya mlango kama maji. Sitti alikuwa anazunguka chumba kwa chumba akiomba, anafukuza ubaya niliouleta, na Hattan amemshika mkononi anatembea naye. Nikamsikia anaanza kukohoa. Kisha filimbi. Nikagonga mlango, nikaita, hakuna. Kisha filimbi ikanyamaza.

Hapo ndipo niliposimama. Kulikuwa na pasi ya nguo chumbani, ile nzito. Nikaupiga nayo mlango hadi mbao ikapasuka, nikipiga kelele, Sitti, mafi bakhuri, mafi bakhuri, yaani udi hapana, Hattan! Nilijua wakisikia majirani ndiyo mwisho wangu. Nikapiga tu.

Sitti ndiye aliyefungua. Si kwamba aliniamini. Alikuwa amembeba, na midomo ya mtoto ilikuwa ya rangi ya zambarau, mbavu zimeingia ndani, kichwa kinaning'inia begani. Alinitazama tu. Chupa ilikuwa juu ya friji wamemwekea baba aione, pampu kando yake. Nikakimbilia. Sitti akanishika mkono kwa nguvu zake zote. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kiarabu kilinitoka chote, nishike Sitti, lakini usinizuie. Akanishika hivyo hivyo, na mimi nikafanya na mkono wake ukiwa juu ya wangu. Tulitoka naye uani penye hewa. Nikapuliza, akapumua kidogo, hakuna. Nikapuliza tena. Nilikuwa nahesabu kwa sauti na Hattan anatingisha kidole kimoja tu, vingine vilikuwa vimechoka. Mpaka nikasikia ile filimbi imerudi. Sijawahi kufurahia sauti mbaya namna ile.

Na mara geti likafunguka. Madam. Alikuwa ameshatoka ofisini kabla hata sijaanza kugonga, kwa sababu ya ile simu yako. Alituendesha mwenyewe hadi hospitali, taa za hazadi zikiwaka, akilia na kuendesha. Nyuma mimi napuliza, Sitti amepakata miguu ya mtoto, amevaa kiatu kimoja.

Walimlaza, wakamwekea oksijeni. Daktari aliishika chupa akaigeuza, akauliza nani aliitengeneza. Nikainua mkono. Akasema endeleeni nayo hadi niwape nyingine yenye maski, na udi marufuku. Baba alikuwa amesimama hapo, vumbi la Yanbu bado kwa nguo.

Leo ameniita. Madam akinitafsiria. Akasema: nakushukuru kwa ajili ya mtoto wangu, na mambo ya sihri nimeyafuta, hakuna polisi. Lakini mtu aliyeficha kitu kwa kitanda cha mwanangu na kuiba funguo za mama yangu, siwezi kwenda Yanbu nikalala nikijua yuko nyumbani kwangu. Ananihamishia kwa kafili mwingine, yaani mwajiri, hapa hapa Jeddah, karatasi zikiisha. Siku chache.

Sikubishana. Nimeanza kukunja nguo.

Kemunto

*

Al-Shumaisi, Riyadh
6 Novemba 2018

Mwanangu,

Nimesoma barua yako chooni, ili wasinione nikilia, halafu nikaosha uso nikarudi kazini. Matroni akaniuliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo.

Baba ana haki. Inauma lakini ana haki, na wewe unajua. Ningekuwa mimi ni mama wa huyo mtoto ningesema vivyo hivyo. Umeokoa mtoto, na umevunja imani ya watu. Yote mawili ni yako, ubebe yote mawili.

Sasa acha kukunja nguo. Siku ulizobaki nazo zina kazi. Ukiondoka, nani atabaki na Hattan mchana? Si madam. Ni Sitti. Kwa hivyo usimfundishe madam peke yake, huyo ana daktari na ana simu. Mfundishe Sitti. Afanye kwa mikono yake, wewe ukiwa umeweka yako mgongoni. Akikosea usimpokonye. Mwache arudie. Ya chungwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, hapo ndipo atakapobisha, kwa hivyo hapo ndipo ukaze. Mwonyeshe mbavu zikivutwa zinavyokuwa, tumia kifua chako mwenyewe. Mwambie ile filimbi kunyamaza maana yake ni nini. Hiyo hatakuwa na shida kuelewa, aliisikia.

Na umwombe msamaha wa funguo. Yeye mwenyewe, usoni.

Hakuna mwingine wa kufanya hiyo kazi, Kemunto. Fanya.

Priscah

*

Jeddah
19 Novemba 2018

Mama mdogo,

Nakuandikia kutoka nyumba mpya. Watoto watatu, na mdogo wao anakohoa. Siku ya kwanza kabla sijafungua begi nilimwambia madam mpya kwamba nina mama mdogo nesi, naandikiana naye barua, na nikiona kitu kwa mtoto nitamwambia yeye kwanza, apende asipende. Akanitazama sana. Halafu akanipa simu yangu nikae nayo. Lakini nimeona nikuandikie hii kwa kalamu, kwa sababu kwa simu nitaisema vibaya.

Sitti. Siku ya kwanza alikataa hata kunitazama. Nikampigia magoti, nikamwambia funguo, nikagusa kanzu yake, nikasema samahani. Akaniambia niinuke, zulia ni safi. Basi. Siku ya pili nikaweka kile kichupa kipya chenye maski mbele yake nikakaa kimya. Unajua alifanya nini? Alijivalisha ile maski yeye mwenyewe. Akaibana usoni kwa mikono miwili, akapumua, akangoja aone kama itamziba. Akapumua tena. Nilimwona macho yake juu ya plastiki, ananitazama kana kwamba nimemdanganya tena, na hewa inaingia tu. Akaivua akasema, "Tayyib," yaani sawa.

Kutoka hapo nilikoma kuwa mfanyakazi, nikawa mwalimu, na mwanafunzi wangu ni mbishi kukushinda wewe. Alipuliza kabla ya kutikisa. Akapuliza mara mbili kwa pamoja. Akamwondolea mtoto maski kabla hajamaliza kupumua kwa sababu aliona anakunja uso, na mimi mikono mgongoni, naikunja mpaka viungo vinalia. Habari ya ile ya chungwa tulibishana siku nzima. Anakohoa? Hapana. Sasa dawa ya nini? Nikampeleka kwa mlango wangu uliopasuka, nikauonyesha kwa kidole. Hakubisha tena.

Chetezo amekihamisha kwa dada yake. Si kwa furaha. Alinuna kwa ajili ya hicho chetezo kuliko kwa ajili yangu.

Siku ya kuondoka madam alinikumbatia jikoni, akanipa skafu yake. Baba alikuwa ameshaweka begi langu garini, akapiga honi. Nikaenda kumuaga Sitti. Hattan alikuwa ameanza kukaza kifua asubuhi hiyo, vumbi lilikuwa jingi nje, na Sitti alikuwa amepiga magoti zuliani mbele yake, maski usoni kwa mtoto, mkono mmoja nyuma ya kichwa chake. Fulana ameipandisha juu aone mbavu. Nikasema Sitti, naenda. Hakugeuka. Aliinua kiganja tu, hivi, ninyamaze, nisimharibie mtoto pumzi.

Nikanyamaza. Nikasimama mlangoni nimeshika viatu. Baba akapiga honi tena. Sitti akatikisa pampu, akapuliza, akashusha uso karibu kabisa na kile kifua, akawa anakitazama kikipanda na kushuka, na mimi hakunikumbuka tena.

Nikavaa viatu nikaondoka bila kuagwa. Baba aliniuliza garini mbona nacheka.

Kemunto